Uzito wa Pawasaplai

Ulisikia mlio ule. Usinikazie macho, ulisikia. Kuta za nyumba zetu ni nyembamba, mtu akipiga chafya chumba cha tatu unamwitikia ukiwa kitandani. Mchana ule kitu kilipasuka nyumbani kwa dada yangu, moshi ukatoka dirishani, na wewe ulifanya nini? Uliongeza sauti ya redio. Kesho yake tulipokutana mlangoni ukaniuliza, "Ilikuwa shoti ya umeme, eh?" ukapita zako kabla sijafungua mdomo.

Neno hilo limekusaidia sana. Kinyozi wa pale kona alipounguliwa na kibanda, na kompyuta yake ya muziki ikiwa kitu cha kwanza kuwaka, ulisema shoti. Mpiga picha alipopoteza mashine yake na harusi za watu zote zilizokuwa ndani, ulisema shoti. Mimi sisahau. Nakumbuka hata shati ulilovaa ukisema. Leo utakaa unisikilize.

Dada yangu ni fundi cherehani. Anashonea sebuleni, mashine iko chini ya dirisha, na sakafu haijawahi kukosa vipande vya nyuzi tangu nimfahamu, yaani tangu azaliwe. Binti yake tunamwita Sentimita. Alipokuwa mdogo alikuwa akiiba tepu ya mama yake na kupima kila kitu kilichokaa kimya: meza, paka, pua yangu mimi mjomba wake. Siku hizi ni msichana mkubwa, amemaliza shule, kazi hana, lakini ana vidole. Michezo ya kompyuta ya kulenga na kukimbizana, hiyo ndiyo fani yake. Alikuwa akichezea kwenye kibanda cha kompyuta za kukodi, na wanaume wazima walikuwa wanaacha viti vyao waje kusimama nyuma yake, wanaguna tu.

Basi ikatokea timu. Timu ya kweli, yenye mshahara na safari za mashindano. Wakamwita kwenye majaribio ya Jumamosi. Kila mchezaji angecheza akiwa kwao, kwenye kompyuta yake mwenyewe, na sharti lilikuwa moja: mashine yako ikizima katikati ya mchezo, umetoka, hakuna kurudia. Kibanda cha kukodi hakifai, umeme wake unakatika kama pumzi ya mgonjwa. Sentimita alihitaji kompyuta, alihitaji ya bei ya chini, na alihitaji isizime.

Hayo tu. Sikiliza sasa.

Kompyuta ya kuchezea ukiinunua nzima dukani inakula nyumba. Ukiwa na akili unainunua vipande vipande, vilivyotumika, unaviunganisha. Lakini vipande vya kompyuta ni kama wakwe, vina masharti. Sentimita alishinda Korido majuma mazima. Korido ni ile njia ndefu yenye paa la bati, maduka ya vipuri huku na huku, unaijua, ulinunulia chaja yako pale. Alipata mazabodi, ule ubao mkubwa ambao kila kitu kinachomekwa juu yake, uliotolewa kwenye kompyuta ya ofisini. Akapata prosesa, ambayo ndiyo ubongo. Muuzaji akamwambia zinaingiliana, soketi, pale prosesa inapokaa, ni ileile.

"Soketi ni ileile," Sentimita akamjibu, "lakini hizi ni mama mmoja baba mbalimbali. Zitakaa nyumba moja na hazitasemeshana. Nipe ya kizazi cha nyuma yake."

Muuzaji akacheka, akampa. Ramu, ile kumbukumbu ya kompyuta, aliikataa mara mbili kwa kutazama lile pengo dogo la chini, kama halikuangukia pale linapotakiwa hata ukiikalia haiingii. Kadi ya picha, ile inayochora mchezo kwenye kioo, aliileta nyumbani kwa kuazima, na hapo dada yangu akavua tepu shingoni.

"Lete hapa nimpime." Akaipima kadi, akapima kesi ya bati ambamo vyote vingekaa. Akatikisa kichwa. "Bibi harusi mrefu kuliko gauni."

"Mama, hii ni kadi."

"Kadi au bibi harusi, mlango haufungi. Mrudishe kwao, ulete mwenye umbo fupi."

Alikuwa sahihi. Sentimita akarudi na kadi fupi, ikaingia, ikabaki nafasi ya kidole. Nilikaa kwenye kochi nikawatazama mama na mwana wameinama juu ya lile sanduku, tepu, bisibisi na sindano vimechanganyika, nikasema moyoni, hawa hawatadanganywa na mtu.

Kikabaki kitu kimoja, pawasaplai. Ni lile boksi la bati linalopokea umeme wa ukutani na kuugawa kwa wenzake ndani. Likiwa bovu, linaondoka na wote. Na hapo, tazama sasa, hapo ndipo Korido ina desturi yake. Vipuri vingine vyote unavikagua kwa macho. Pawasaplai imefungwa, huoni ndani. Kwa hiyo unaipima kwa kiganja. Muuzaji anakuwekea mkononi, unaipandisha, unaishusha, ikiwa nzito unaguna kwa kuridhika, ikiwa nyepesi unairudisha. Hakuna anayejua nani alianza. Waya mwingi ndani, shaba nyingi ndani, kwa hiyo uzito; ndivyo watu walivyojieleza. Wewe pia umepandisha na kushusha, nimekuona.

Tulikwenda kwa Shemeji. Jina lake silijui, na wewe hulijui, sote tunamwita Shemeji kwa sababu yeye anamwita kila mtu shemeji. Hajaoa kwetu, hatujaoa kwao. Lakini mtu akikuita shemeji kila siku na kukuuliza hali ya mama, mwisho unaona aibu kumwomba risiti.

"Mashemeji zangu!" Aliinuka kwenye kigoda. "Na mjomba mwenyewe mpinga serikali! Leo unapinga nini?"

"Leo napinga bei zako," nikamjibu. Akacheka hadi akashika meza.

Akatoa mbili. Moja ilikuwa nyepesi, kavu, haina pambo. Sentimita aliigeuza, akaisoma ubavuni, akaichungulia kwenye matundu ya feni, uso ukafunguka. "Hii, mama. Hii inatosha kadi, na inabaki."

Dada yangu akaiweka kiganjani. "Hii? Nyepesi kama mkate wa jana. Shemeji, tupe kitu kilichoshiba."

"Shika hii basi," Shemeji akasema, akampa ya pili. Mkono wa dada yangu ulishuka nayo.

"Eeh! Hii ina mwili."

"Mama, ile ya kwanza..."

"Wewe unajua namba. Mimi najua kitu kizito." Na kwa kweli mwanamke huyo hununua kitambaa kwa kukishika tu, hajawahi kukosea. Sentimita akatazama zile herufi kubwa za dhahabu, wati mia tano, akatazama uso wa mama yake ambaye ndiye aliyekuwa anatoa pesa, akafungua mfuko. Tukaibeba ile nzito.

Siku ya kwanza iliwaka. Feni zikazunguka, taa nyekundu na buluu, majirani wakaja kutazama. Wewe ulikuja, ukala karanga. Alifungua barua pepe, akatazama video, ikatulia. Kesho yake mchana, Ijumaa, akasema sasa naiendesha kwa nguvu zote kama kesho kwenye majaribio. Alivaa spika za masikioni. Mimi nilikuwa kwenye kochi, dada yangu kwenye cherehani. Mchezo ukaanza, kadi ya picha ikaanza kudai umeme wake wa haki, na nikasikia mlio mwembamba kama wa mbu aliyeudhika.

Halafu pah!

Mwali ulitoka nyuma ya kesi kama ulimi. Sentimita alirushwa na woga, kiti kikaenda huku, yeye huku. Nilikimbilia swichi ya ukutani. Moshi mweusi, harufu ile ya plastiki inayokukaa kooni. Dada yangu alimshika binti mikono yote miwili, akawa anaigeuza, anahesabu vidole vile vile alivyovihesabu siku ya kumzaa. Vilikuwa vizima.

"Niko sawa, mama. Niko sawa. Mashine."

Mashine ilikuwa imekufa. Aliazima pawasaplai ya kibanda cha kukodi, akaijaribisha mashine nayo. Mazabodi kimya. Kadi ya picha ina doa jeusi tumboni. Kila kitu alichokichagua kwa majuma yale, kila kilicholingana na mwenzake, vimekwenda pamoja kama abiria wa gari moja.

Nikaichukua ile nzito. Sikuifungua papo hapo, na wewe usije ukajaribu: hivi vitu vinaficha umeme tumboni hata vikishachomolewa. Niliiacha ipoe hadi alasiri, nikafungua kwa uangalifu wote niliojifunza kwa kuchomwa.

Ndani mlikuwa na kibao kidogo cha umeme, kidogo kama kile cha chaja ya redio, kimeungua. Sehemu iliyobaki yote ilikuwa imejaa kifuko cha kitambaa cheusi, kigumu, chenye pembe nne. Hakikuungana na waya wowote. Kilikuwa kimekaa tu, kama mgeni asiye na shughuli.

Sentimita akachukua mkasi wa mama yake, akakata upande mmoja. Vumbi la kijivu likamwagika mezani.

"Mjomba," akasema taratibu, "hii ni zege?"

Nililikwaruza donge la ndani kwa bisibisi, likalia kama sakafu. Mtu alikoroga saruji. Akaimimina ndani ya kifuko, akasubiri ikauke, akaiweka ndani ya kitu cha umeme kitakachokaa chini ya meza ya mtoto wa mtu. Ili kiganja chako kigune.

Dada yangu alikuwa amesimama nyuma yetu. Akanyoosha mkono, akakiokota kifuko, akatoa donge, akakung'uta vumbi, akageuza mshono upande wa mwanga. Kisha akakaa. Hapakuwa na kiti. Alikaa chini.

"Huu ni mshono wangu."

"Nini?"

"Hii kona. Nakunja ndani, narudisha sindano, nakunja tena. Alinifundisha mama. Hakuna anayekunja hivi." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma kitu kwa mbali. "Kaka, hivi vifuko ninashona mimi. Tangu mwaka jana. Namshonea Shemeji."

Tulimtazama. Kwenye kona ya chumba, kando ya pipa la vipande, palikuwa na bunda la vifuko vyeusi vilivyokunjwa vizuri, vinangoja kuchukuliwa. Nilikuwa nimevikalia mara ngapi kama mto?

"Alikuambia ni vya nini?"

"Vya kuwekea chaja."

"Chaja gani ina umbo la tofali, dada? Hukumuuliza?"

"Mtu anakuletea kazi kila wiki, analipa, anakuuliza hali ya mwanao, wewe unamuuliza maswali ya nini?" Akafunika uso kwa kile kifuko, akakumbuka ni nini, akakitupa.

Tulikwenda Korido sote watatu, jioni haijaingia, watu wamejaa. Mbele ya meza ya Shemeji alisimama fundi bomba mmoja, ufunguo wa mabomba mfukoni, anamnunulia mwanawe. Alikuwa na pawasaplai kiganjani, anapandisha, anashusha.

Niliweka donge la zege mezani. Lilitoa sauti.

Nilitegemea atakana. Nilikuwa nimejiandaa kwa kukana, nina maneno ya miaka yote. Shemeji akalitazama, akavuta pumzi kama mtu aliyeletewa bili ya maji.

"Shemeji, punguza sauti," akasema, na mimi nilikuwa sijatoa sauti. "Hizo ni za ofisi. Za kuandikia barua. Mngeniambia mnataka ya kuchezea."

"Tulikuambia!" Sentimita akasema. "Nilisimama hapa nikakuambia!"

"Na mimi nikakutolea nzuri. Nilikutolea nyepesi, ya kiwandani, nzima kabisa. Nani aliikataa?" Akamtazama dada yangu, bila chuki yoyote. "Mnataka nzito. Nilipoanza niliuza nyepesi nzima, zikarudishwa zote, mkaniita mwizi. Sasa nauza nzito, mnaniita shemeji. Nifanyeje?"

Duka la pili ni la Mama Chaja, muuza nyaya, mwanamke mwema, alituletea uji tulipofiwa. Nikamgeukia. "Mama Chaja, unasikia haya? Zege!"

Akanitazama kwa huruma, kweli kabisa, kama mimi ndiye mgonjwa. "Mjomba, kwani ulikuwa hujui? Korido nzima tunajua. Mimi nyumbani kwangu natumia nyepesi."

Natumia nyepesi. Alisema vile mtu anavyosema chumvi nimeshaweka. Kwake ameweka nzima, na kwa mwaka mzima ameketi hatua moja na meza hii, anawatazama watu wakibeba zege kwenda kulaza karibu na watoto, na anawatakia safari njema. Zege lilikuwa limenishtua. Hili lilinishtua zaidi.

Shemeji akainama juu ya meza. Akaongea chini, na dada yangu, si na mimi. "Sikia. Binti ana shughuli yake kesho, najua. Sasa hivi nampa mazabodi nyingine, prosesa, kadi bora kuliko ile, na pawasaplai ya kweli. Bure. Anaunganisha jioni, kesho anacheza. Sisi ni familia. Wewe unaendelea na vifuko vyako, na hili dude linabaki hapa kwangu." Akavipanga mezani kimoja kimoja. Sentimita alivitazama na nikaona vidole vyake vinacheza vyenyewe. Vyote vililingana. Nilivikagua kwa macho, alivikagua kwa macho, havikuwa na kasoro.

Dada yangu alimgeukia mwanawe. "Wewe unataka nini?"

"Nataka kucheza, mama." Machozi yalikuwa yamemjaa. "Nataka sana."

Nilirudi nyuma hatua moja. Haikuwa nafasi yangu kuichezea.

Pale kando yule fundi bomba, ambaye alikuwa ametugeuzia mgongo na hakusikia lolote kwa kelele za Korido, aliguna. Ameridhika. Akaanza kutafuta pochi.

Sentimita akamgusa mkono. "Baba, hiyo usinunue. Imejaa zege."

Shemeji alivikusanya vile vipande mezani, mazabodi, prosesa, kadi, akavirudisha kwenye rafu, kimoja kimoja, na binti alivitazama vikipanda hadi cha mwisho.

Dada yangu alichukua ile pawasaplai mkononi mwa fundi bomba, ambayo haikuwahi kuonja umeme, akanipa. Nikaifungua pale pale. Kifuko. Akakiinua juu ili kila mtu aone, sauti yake ikafika mwisho wa bati.

"Hivi vifuko ninashona mimi! Ni mshono wangu! Vina saruji ndani! Pawasaplai mlizonazo nyumbani ndizo hizi!"

Korido ikatulia. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliisikia Korido imetulia. Nikafikiri, sasa. Sasa watu watavunja meza.

Karani mmoja aliyekuwa kwenye foleni, tai shingoni, akapenyeza mkono kati ya bega langu na la dada yangu. "Shemeji, basi nipe nyingine," akasema. "Ila iwe nzito."

Na akapewa. Mbele ya macho yetu. Na wengine wakatoa simu, si kupiga picha, kutazama saa tu, wakaondoka mmoja mmoja kama mvua inataka kunyesha. Fundi bomba peke yake alibaki, akamshika Sentimita mkono.

Jumamosi majaribio yalichezwa. Sentimita alikaa kwenye cherehani ya mama yake, akayafuata kwenye simu, kila mchezaji akikosea alijua angefanya nini. Timu ilimwandikia kwamba nafasi imejazwa. Wiki ile wateja wawili walikuja kuchukua vitambaa vyao kabla havijashonwa, eti dada yangu ana maneno. Shemeji amepata mshonaji mwingine; kona zake si nzuri, lakini nani hutazama kona.

Mpwa wangu alilipa kwa nafasi yake ili mtu asiyemjua asiungue. Ametoa alichokuwa nacho chote. Wewe bado hujatoa hata dakika.

Ile kompyuta iliyo chini ya meza yako, pale wanapolala watoto, uliipimia kiganja, nilikuwepo. Usiniambie utaangalia mwisho wa mwezi. Usiniambie mbona inawaka vizuri, hata yetu iliwaka vizuri. Usiifungue mwenyewe. Inuka uchomoe waya ukutani, uibebe jinsi ilivyo, ugonge mlango wa jirani naye aibebe yake, tuzipange zote mbele ya meza ile wakati Korido imejaa, tuzifungue moja baada ya nyingine hadi karani naye aone. Weka chini unachosoma. Chomoa.